King'ora cha Shimo la Mazoezi

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Shimo la mazoezi limekamilika. Limejengwa ndani ya ghala kuukuu la pamba, hapa njia ya kutoka Kahama kwenda mgodini kwetu. Ni njia ya magogo na mabati inayojikunja kama utumbo, imefunikwa maturubai mpaka ukiweka kidole mbele ya jicho hukioni. Vibarua wapya watapita humo kabla hawajashushwa kwenye shimo la kweli. Mimi, Generosa, niliyefundisha darasa la tano miaka tisa, ndiye ninayeamua wakutane na nini humo ndani.

Nimekaa nyuma ya ukuta wa mbao na ubao wangu wa swichi. Swichi ya kwanza inazima taa. Ya pili inawasha feni inayosukuma moshi wa pumba mbichi. Ya tatu inaangusha mawe juu ya bati, na mlio wake hata mimi niliyeupanga unanishtua. Ya nne ni ya maji: mapipa mawili yanamwagika na king'ora kinalia. Chini sakafuni kuna vibao vya kukanyaga, na kila kibao kina taa yake kwenye ubao wangu. Kwa hiyo siwaoni watu, naona taa tu. Sheria yangu ni moja: tukio la pili haliji mpaka taa iniambie la kwanza limeshajibiwa. Ukiwamwagia mtu moshi, mawe na maji kwa mpigo hajifunzi kitu, anapiga kelele tu. Na mtu humwambii jambo ambalo halimhusu kulitenda. Bosi wetu, Hemal, mhandisi, mtoto wa wenye duka la vipuri pale mjini, amesema hajawahi kuona kitu kama hiki. Nami nimejisikia, kwa nini nikatae.

Alhamisi, 6 Novemba

Mvua. Redio inasema ni Elinino. Hakuna aliyefanya mazoezi.

Jumanne, 11 Novemba

Genge la kwanza limepita. Ni watu kumi na wawili wa Kishapu, wameletwa na nyapara wao, Mzee Bujiku. Bujiku ni mrefu, mkimya, na vijana wake hawakohoi bila yeye kukohoa. Walinisalimia kwa heshima, "Mwangaluka, mwalimu," wakaingia. Giza wakajibu vizuri. Moshi, wakalala chini kama nilivyowafundisha. Mawe, wakabana ukutani. Nikafungua maji, king'ora kikalia.

Hapo ndipo mambo yakaharibika. King'ora kiko mwisho kabisa wa njia, kando ya pampu, kama kilivyo mgodini. Kikilia, maana yake maji yanaingia huko, geuka, toka mlangoni. Nilitazamia taa ya kijani, ya mlango. Ikawaka nyekundu, ya pampu. Ikakaa, ikazima, halafu ndiyo ikaja kijani.

Walipotoka nikawauliza, "Mlipita wapi?" Wakasema mlangoni. Nikawauliza tena, "Kule kwa pampu alikwenda nani?" Kimya. Mmoja akatazama viatu vyake.

Jumatano, 12 Novemba

Nimemwita Masudi, fundi wetu wa umeme. Ni mtu wa Ujiji, lakini amepitia Maganzo kwenye almasi, na mtu aliyepitia Maganzo simwamini hata akiniambia saa ngapi. Nimemwambia, "Masudi, nyaya zako umezichanganya. Ya kijani umeiunga kwenye nyekundu." Akacheka. "Mwalimu, mimi naunga nyaya tangu nina meno ya utotoni." Akazipima zote mbele yangu, kila taa ikawaka mahali pake. Kisha akafunga kisanduku chake akiimba. Mtu asiye na hatia haimbi hivyo.

Alhamisi, 20 Novemba

Genge la pili, la Kishapu vilevile. Nyekundu kwanza, kijani baadaye. Nimenyamaza, ila nimeona.

Ijumaa, 21 Novemba

Mdogo wangu Kalisti amefika kutoka Biharamulo. Nimemwombea kazi kwa Hemal na amepata: mlinzi wa pampu, kule chini kabisa. Mama aliniandikia kwamba asipotoka pale nyumbani atamaliza ndizi zote za pombe peke yake. Amekonda, lakini mdomo ni uleule. Nimemlisha ugali na sato, akanitania kwamba bado napika kama ninasahihisha madaftari.

Nimemfundisha mwenyewe, mbali na magenge. "Maji yakiingia unafanya nini?" "Nabonyeza kitufe, Dada." "Mpaka lini?" "Mpaka nisikie king'ora. Kikianza kinaendelea chenyewe." "Ukikisikia?" "Natoka mbio." "Kikinyamaza njiani?" "Ah, Dada!" "Kikinyamaza?" "Narudi nabonyeza tena, maana wenzangu hawajasikia." Nimemrudisha mwanzo mpaka akasema atayaota. Katika wote waliopita mikononi mwangu hakuna aliyeshika kama yeye.

Jumanne, 2 Desemba

Magenge ya watu wa Mwanza na Tabora yamepita wiki hii. Wote kijani moja kwa moja. Sasa niambieni, nyaya zinajua mtu katoka wapi? Hapa pana namna. Ama Masudi anazigusa siku za watu wa Kishapu, ama wamepatana.

Jumatano, 3 Desemba

Nimempelekea Hemal habari za Masudi. Nimesema wazi kwamba fundi anachezea ubao wangu ili mazoezi yaonekane upuuzi. Hemal akamwita, akamwonya mbele yangu. Masudi hakujitetea. Alinitazama tu, akasema, "Sawa, mwalimu." Tangu leo ufunguo wa ghala nalala nao.

Jumanne, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Mvua tangu alfajiri. Daraja dogo la njia ya mgodini limezama, tumezunguka kwa miguu.

Jumatatu, 15 Desemba

Leo genge la Bujiku lilikuwa linarudia mazoezi, nami nimefanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Swichi nimemwachia Hemal, mimi nikajificha ndani ya shimo la mazoezi, karibu na pampu, nimevaa koti la mvua, kitambaa cha maji puani. Moshi ule ni mkali kuliko nilivyodhani. Mawe yakaanguka juu ya bati. Kisha king'ora.

Nikasikia miguu. Nilitegemea isikike ikienda mbali nami. Haikwenda mbali. Ilikuja. Wote kumi na wawili walinijia gizani, wakinyeshewa na mapipa, mbio, bila neno, mpaka mmoja akanikanyaga. Mbele yao Bujiku. Wakasimama kwenye pampu, wakapapasa huku na huku kama wanaotafuta mtu. Ndipo Bujiku akasema kitu kwa Kisukuma, wakageuka, wakatoka.

Kwa hiyo si nyaya. Masudi hakugusa kitu. Ni Bujiku! Nimekaa mle na maji yangu kwenye viatu, nimechemka kwa hasira. Mzee huyu anawafundisha watu kinyume changu makusudi. Kabla sijaja ni yeye aliyekuwa anaamua nani anafaa kushuka, na sasa anaamua mwanamke mwenye swichi.

Jumanne, 16 Desemba

Kwa Masudi sijaenda kuomba radhi. Hata kama hakugusa nyaya, alikuwa anaimba.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Kalisti kaja na kuku. Anasema chini kuna joto na maji yanachuruzika ukutani kuliko wiki iliyopita. Nimemuuliza kama kitufe chake kinafanya kazi. "Dada, leo sikukuu," akasema. Nikamuuliza tena. Kinafanya kazi.

Usingizi wangu umekuwa mdogo. Watu wa Bujiku wanachimba karibu na pampu ya Kalisti. Siku maji yakiingia, king'ora kikilia, wale wote watakimbilia kwake badala ya ngazi, na watakufa kule, na watamzibia njia yeye.

Jumatano, 7 Januari 1998

Nimemkabili Bujiku. Nilimkuta kibandani kwake ananoa sururu, mvua inapiga bati. Nikamwamkia, akaitikia. Kisha nikamwaga yote. "Mzee, unawafundisha watu kufa. King'ora kinasema tokeni, wewe unawapeleka kwenye maji. Una nini na mimi?"

Hakukasirika. Alinivutia kigoda. "Mwalimu, wewe si wa kwetu?"

"Mimi wa Biharamulo."

"Basi hukujua. Kule kwetu Kishapu, miaka ile wezi wa ng'ombe walipotumaliza, tulipoanza sungusungu, tulichukua king'ora cha jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba. Ng'ombe wakichukuliwa, kinalia. Kikilia, kila mwanamume anaacha alichoshika, hata kama ni chakula, anakimbia kinakolilia. Hata kabla ya hapo tulikuwa na mwano, yowe la kuitana, ni vilevile. Asiyekimbilia analipa ng'ombe. Akirudia, kijiji kinamsusa, hata moto haombi kwa jirani."

"Na mlipoulizwa mkanyamaza!"

"Mambo ya sungusungu tumeyalia kiapo, hatuyasemi kwa wageni. Leo nakuambia kwa sababu umenituhumu kuua watoto wangu."

Lo! Nilikaa pale sina pa kutazama. Nikamuuliza kwa nini basi asiwaambie vijana kwamba king'ora cha mgodi ni kingine. "Nimewaambia tangu siku ya kwanza. Mimi mwenyewe nilijiambia. Kikilia, miguu imeshaondoka. Tukifika pampuni ndiyo akili inatukuta."

Ijumaa, 9 Januari

Nimehamisha king'ora cha ghalani nikakiweka juu ya mlango wa kutokea. Genge la Bujiku likapita. Kijani, moja kwa moja, haraka kuliko watu wa Mwanza! Nilipiga makofi peke yangu nyuma ya mbao. Bujiku akatoka, akasema, "Wabeja, mwalimu." Nami nikamwambia asante, kwa moyo.

Jumatatu, 12 Januari

Nimemwambia Hemal kitufe kibaki chini lakini king'ora kije juu, mdomoni mwa shimo. Amekubali, lakini inahitaji waya mrefu usioingia maji, na huo uko Mwanza, na barabara ya Mwanza imekatika. Nimemwambia asimamishe kazi. Akasema mwamba wa dhahabu wameupata wiki hii hii, hawezi. "Siku chache tu, mwalimu." Simwamini. Anasema waya hakuna, na kwao wana duka la vipuri.

Jumanne, 13 Januari

Nimekwenda dukani kwao mwenyewe. Waya hakuna kweli. Mama yake Hemal amenionyesha rafu tupu, akanipa na chai.

Jumatano, 14 Januari

Mpaka waya ufike tumepanga hivi, na mpango ni wangu. Kitufe cha Kalisti kikibonyezwa, taa inawaka kibandani kwa winchi, juu, na king'ora kinalia chini kidogo, Kalisti akisikie atoke. Taa ikiwaka, Masudi anakata waya wa king'ora palepale kibandani, ili watu wasivutwe chini. Papo hapo Bujiku, ambaye zamu hizi anabaki juu, anapiga mwano mdomoni mwa shimo. Vijana watasikia mwano unatoka juu, watapanda. Mimi nasimama kibandani kutazama taa na kuamuru, kama ghalani.

Tumejua watu wanne: mimi, Masudi, Bujiku na Hemal. Nimekataza usisambae. Vibarua wakisikia king'ora kitakatwa watavuruga yote, na Masudi ana mdomo. Kalisti sijamwambia. Kwake hakuna kilichobadilika, kazi yake ni ileile, kubonyeza.

Jumatatu, 19 Januari

Mvua, mvua. Masudi amefunga, midomo imemkauka, lakini hajakosa kibandani hata zamu moja. Leo nimempelekea tende za kufuturia. Akasema, "Mwalimu, zina sumu?" Tukacheka wote wawili.

Jumamosi, 24 Januari

Naandika kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Ilikuwa juzi, Alhamisi, mchana. Mvua ilikuwa imetulia na jua limetoka, mvuke unapanda kwenye matope. Nilikuwa kibandani na Masudi. Taa ikawaka. Chini, mbali, nikasikia king'ora. Nikasema, "Kata!" Masudi alikuwa na koleo mkononi tayari, lakini akageuka. "Na Kalisti?" Nikamwambia, "Kalisti ameshakisikia, anatoka. Kata!" Akakata.

Bujiku alikuwa amepiga magoti mdomoni mwa shimo. Akaupiga mwano. Sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka kwa mtu mmoja, na watu wa juu wote wakaipokea, wapishi, madereva, mpaka bati la kibanda likatetema. Taa ikazima. Nikasema Mungu mkubwa, Kalisti kaachia kitufe, yuko njiani. Kila kitu kilikuwa kinakuja kwa zamu yake, kama nilivyopanga.

Kisha taa ikawaka tena.

Ikazima. Ikawaka. Nilidhani ni maji yamegusa nyaya. Masudi ndiye aliyesema, polepole, "Mwalimu, huyo anabonyeza." Nikaelewa. Alikisikia kikilia kidogo, akaanza kutoka, kikanyamaza. Na mimi nilimfundisha afanye nini kikinyamaza. Nilimrudisha mwanzo mpaka akasema atayaota.

Masudi alishika ncha mbili za waya. "Niunge? Kikilia atatoka." Nikachungulia shimoni. Taa za kofia zilikuwa zimeanza kupanda, nyingi, kwenye ngazi ya kati, zinakuja kwa mwano. Kikilia wangesikia karibu yao zaidi kuliko mwano. Miguu ingegeuka. Bujiku mwenyewe aliniambia.

Nikasema, "Ngoja watoke."

Nimesema mimi, kwa mdomo wangu. Masudi hakubisha. Alisimama na ncha zake mbili, machozi yanamtoka, na mimi namwita Kalisti shimoni kama mwendawazimu, "Toka! Kalisti, toka!" ndani ya mwano ambao hauachi sauti nyingine ipite. Yeye mwano haumhusu. Kwetu hakuna mwano wa Kisukuma, yeye anajua kitufe. Taa iliwaka. Ilizima. Iliwaka ikakaa muda mrefu, kama mtu aliyelaza mkono mzima juu ya kitufe. Vijana wa Bujiku walikuwa wanatoka mmoja mmoja, weupe kwa tope, wanauliza wezi wako wapi.

Wa mwisho alipotia mguu nje nikapiga kelele, "Unga!" Masudi akaunga. Hatukusikia kitu. Nikatazama taa. Ilikuwa imezima, na haikuwaka tena.

Bujiku na Masudi walishuka na kamba. Walirudi wamelowa mpaka kifuani. Maji yalikuwa yamepita ngazi ya chini.

Jumanne, 27 Januari

Wametoa maji kwa pampu ya kuazima. Wamemkuta. Sitaki kuandika alikuwa amekaaje.

Jumatano, 28 Januari

Watu wa Kishapu wamekuja wote, na wake zao, kunishukuru kwa roho za vijana wao. Wameleta ng'ombe. Hemal anasema mpango wangu utapelekwa migodi mingine. Kila mmoja ananiambia nimeokoa watu. Masudi peke yake haniambii kitu. Anakuja, anakaa kwenye ngazi ya mlango, anakwenda kuswali, anarudi anakaa.

Ijumaa, 30 Januari

Tumemzika Biharamulo, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Mvua haikunyesha.

Jumamosi, 31 Januari

Asubuhi Mama ameniita jikoni, tukakaa wawili tu, majivu ya juzi bado yamo mekoni. Amenishika mkono. Anasema watu wamemweleza yote, jinsi wale wengine walivyotoka salama, mmoja baada ya mwingine, kwa ajili yangu, na anamshukuru Mungu kwa hilo. Kuna kitu kimoja tu hakielewi. Kalisti alikuwa mwepesi wa miguu tangu mtoto, na yeye ndiye aliyeyaona maji kabla ya wote.

"Sasa mwanangu," akaniuliza, "kule chini alikuwa anangoja nini?"

Nimemwambia sijui, Mama.